Mwaka Tulipoziba Jeep ya Papa Shabani

Chini ya dirisha kulikuwa na beseni. Ndicho kitu nilichokiona kwanza nilipofika Nyalukemba, Bukavu, kutoa pole: beseni la plastiki la kijani, limetegwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, na dirisha lenyewe likiwa wazi, ubao wake wa chini umeoza hadi ukawa laini kama muhogo uliolowekwa. Maman Zaina alikuwa amekaa mkekani akiegemea kitanda. Kwa kuwa yuko eda, mimi nilikaa kizingitini, mlango wazi, mjukuu wake mkubwa akiwa kati yetu na birika la chai. Mume wake, Papa Shabani, alikuwa amekwisha kuzikwa. Habari zilinikuta Kigoma, ambako nilikuwa nikichomelea mageti ya watu, na hadi nizunguke Bujumbura na kuvuka daraja la mto Ruzizi kwa miguu, begi mgongoni, kilio kilikuwa kimebaki na watu wa karibu tu, wale wanaokuja kukaa bila kusema kitu. "Sudere," alisema Maman Zaina, kwa jina la kazi yangu ya kuchomelea ambalo hakuna mtu aliyeniita tangu ujana wangu, "umezeeka. Nilifikiri utakuja na mke." Nikamwambia mke alinichoka. "Hakukuchoka wewe. Alichoka kuhama," akasema, na mjukuu akacheka, kisha akakumbuka kwamba tuko msibani akatazama chini.

Upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia moja kwa moja na kutikisa ncha ya mtandio wake. Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Unaliona hilo? Miaka yote nimegombana na mzee kwa ajili yake. Mvua inyeshe, mbu waje, lisifungwe. Namwambia, Shabani, utatuua kwa baridi. Ananitazama tu, halafu anageukia ukutani. Sasa amekwenda, Mungu amrehemu, na mimi nataka kulala. Wewe ni fundi wa chuma, na kuziba unakujua. Nitengenezee dirisha la kioo, lenye mpira pembeni, lisiingize hata tone." Nikasema ndiyo, mama. Nikatoka uani na futi yangu ya kupimia ili nilipime kwa nje. Nikaiweka ukutani, nikavuta utepe wake, na sikusoma kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale palipokuwa gereji yetu. Bati la juu limeondolewa, wamepanda ndizi, lakini udongo bado ni mweusi wa mafuta, na migomba ile imedumaa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Habari za kwetu naziacha; hazina mkono katika jambo hili. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sehemu ya ufundi, na diploma yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya dari ili mvua isiiguse. Nilipanga chumba Cimpunda pamoja na Cirhuza, dereva, mtu wa Walungu, mrefu, mwenye meno yaliyoachana na mdomo usiofungwa. Chumba chetu kilikuwa kimechimbwa kwenye mteremko: mlango wetu ulitazamana na paa la jirani wa chini, na ukuta wetu wa nyuma ulikuwa udongo wa mlima wenyewe, uliotoa jasho masika yote. Jirani wa upande, fundi cherehani na mke wake, tulitenganishwa nao kwa mabati tu. Tulijua wamekula nini, wamenyimana nini, na nani atalala amegeukia wapi. Jioni tulipika bugali, na kama samaki zimetoka ziwani, sambaza kidogo, zile dagaa zetu, zilizokaangwa na pilipili. Cirhuza alikuwa anakula anaongea. "Sudere, we uko unakula sawa mutu wa bureau. Kata bugali mukubwa! Kesho iko tuyo tatu za kuchomelea." Na mke wa fundi cherehani angejibu kutoka upande wake wa mabati: "Mwache mutoto wa watu akule pole pole, weye unakula sawa uko unakimbizwa!" Ninakumbuka kicheko hicho kilichopita kwenye tundu za misumari, na ninakumbuka kwamba hata nilipokuwa nacheka nilikuwa nikitazama mlango. Ugonjwa wangu wa kuondoka ulianza mapema. Lakini mwaka ule bado ulikuwa ugonjwa mdogo, wa kutibika.

Gereji ya Papa Shabani haikuwa na kibao. Kila mwenye jeep ya kwenda Mwenga, Luhwindja au Shabunda aliijua, kwa sababu barabara zile ni za aina mbili tu: kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye meno, na masika ni maji yanayofika kwenye taa za mbele. Na injini ya gari ni kama kifua cha mtu, haitaki vumbi wala maji. Kazi yetu ilikuwa kuipandishia pumzi juu. Mimi nilichomelea bomba, tuyo kama tulivyoiita, kutoka ubavuni mwa gari hadi usawa wa paa, ili gari ivute hewa kutoka huko hata ikiwa imezama hadi kifuani. Papa Shabani aliziba. Kila mahali bomba lilipoungana na lingine aliweka raba aliyoikata kwenye mpira wa ndani wa tairi, juu yake silikoni, juu yake kolie, ile pete ya chuma inayokazwa kwa bisibisi, kisha alipitisha kidole chenye sabuni kuzunguka, polepole, macho amefumba. Alikuwa mtu wa Uvira, wazee wake walitoka pwani na bidhaa, na Kiswahili chake kilinyooka hadi Cirhuza akawa anamwiga nyuma yake. "Sudere," angesema kwa sauti ya mzee, "naomba uniletee ile bisibisi iliyopo pale." Na mzee, bila kugeuka: "Nawe Cirhuza, naomba ulete akili iliyopo pale pembeni yake."

Gari ilipokuwa tayari kulikuwa na jaribio, na jaribio hilo ndilo lililoifanya gereji ile iwe gereji. Injini iliwashwa, ikaachwa ikinguruma taratibu, kisha mtu alipanda kwenye bampa na kuufunika mdomo wa bomba kwa kiganja. Kama umeziba vizuri, injini inakosa hewa, inatikisika, inakufa. Kama inaendelea kunguruma, basi kuna tundu mahali inapoibia pumzi, na pumzi ikiingia hapo maji nayo yataingia. Gari iliyokufa mkononi ndiyo nzima. Na mkono haukuwa wa yeyote. Ulikuwa wa yule atakayesafiri na gari, hata akiwa mfanyabiashara mwenye saa ya dhahabu, hata akiwa padri. "Aizibe pumzi mwenyewe," alisema Papa Shabani, "asije akasema aliambiwa." Injini ikizimika tulipiga makofi, na mwenye gari aliteremka anatazama kiganja chake chenye duara jeusi kana kwamba kimepigwa muhuri.

Kulikuwa na jambo jingine, la majira. Hakuna bomba lisiloingiza mvua kidogo kwa juu. Kwa sababu hiyo chini kabisa ya boksi la filtre, mahali ambapo hewa husafishwa kabla ya kuingia kwenye injini, huwa kuna kidomo cha mpira cha kutolea maji. Lakini kiangazi kidomo hicho huzeeka, hupinda, huvuta vumbi la barabarani. Kwa hiyo mafundi wa kwetu kiangazi tulikiondoa na kupaziba kabisa, kwa raba na silikoni, na juu kwenye mdomo wa bomba tulivalisha soksi ndefu ya kike ya kuchujia vumbi. Mvua zikirudi, tulivua soksi juu na kuzibua chini. Kila mtu alilijua hilo. Soksi alizinunua Cirhuza soko la Kadutu, na mama muuzaji alimngojea kwa hamu. "Papa, bibi yako iko na miguu ngapi? Kila juma unakuya kutafuta soksi!" "Haiko ya bibi, maman, ni ya jeep." "Ee Mungu! Sasa jeep njo inavaa, bibi anatembea miguu mutupu!" Soko lote lilicheka, na Cirhuza akaniambia njiani kwamba hata hana mke wa kumvalisha, na kwamba akimpata atamnunulia viatu kwanza.

Kiangazi kile Papa Shabani alikuwa na jeep yake mwenyewe. Aliipata ikiwa mfupa tu, bila viti, na kila alasiri, wateja wakiondoka, aliishughulikia peke yake. Aliziba bomba. Aliziba milango kwa raba mpya. Aliziba sakafu, akaziba hata nyaya zinapopita. Hakusema ni ya kwenda wapi, nasi hatukuuliza, kwa sababu tulijua. Mchana tulikula nyuma ya jikoni la Maman Zaina, wali na maharagi, Ijumaa pilau, kila mmoja na sahani yake ya bati, na ukuta kati yetu na sebule ulikuwa wa mbao. Siku moja tulisikia kijiko kikigonga sahani, kisha sauti ya mama. "Kila siku unaziba. Umeziba gari, umeziba paa, umeziba na mlango kwa mtoto wako." Kisha sauti ya mzee. "Mlango sikuufunga mimi. Salumu ndiye aliyeondoka." "Ulimwambia asirudi." "Nilimwambia asirudi na matope ya Luhwindja miguuni. Nilitaka aoshe miguu, arudi. Ni hilo tu." "Basi nenda ukamwambie hivyo." Kijiko kikagonga tena. "Barabara ni mbaya," alisema mzee. "Na gari ni ya nini?" Cirhuza, aliyekuwa na mdomo umejaa wali, aliutafuna kwa sauti ndogo sana. Salumu alikuwa mtoto wao wa kiume, mmoja, aliyelelewa awe fundi wa gereji ile na akaiacha akaenda kuchimba dhahabu. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa kitu kimoja: jikoni kulikuwa na kikombe cha bati chenye mpini ulioungwa, na hakuna aliyekunywea.

Habari zililetwa na mchuuzi wa vitenge aliyekuja kwa pikipiki. Alisimama uani, hakutaka kukaa, akasema udongo umemwangukia Salumu shimoni, wenzake wamemtoa, yu hai, lakini kifua kimebanwa, anapumua kwa taabu, na kule hakuna daktari. Mjini kwetu bado ilikuwa vumbi, majani ya migomba yamekuwa mekundu, watu wanasali mvua ije. Na suruali ya mchuuzi yule ilikuwa na matope mabichi hadi magotini. Nimeifikiria suruali ile katika miji mingi. Ilikuwa mbele yetu, inadondosha, na sisi sote tulikuwa tunamtazama usoni.

Maman Zaina hakulia. Aliingia ndani akatoka na godoro, kanga mbili na chupa ya chai ya tangawizi, akaipakia jeep kana kwamba anampeleka mtoto shule ya bweni. Cirhuza akawasha injini. Ndipo Papa Shabani, ambaye miaka yote aliziba magari ya wengine wala hakusafiri, akavua kofia, akanipa nimshikie, akapanda kwenye bampa. Akaivua soksi nusu, akaweka kiganja. Injini ikatikisika mara moja, ikafa haraka kuliko gari yoyote niliyowahi kuiona ikifa. Watu wa jirani waliokuwa wamekusanyika wakapiga makofi, hawakujua wafanye nini kingine. "Nzima," alisema. Akairudisha soksi, akateremka, akachukua kofia yake. "Twende."

Baada ya Walungu mbingu ikafunga. Mvua ya kwanza ilikuja kwa matone makubwa yaliyotoboa vumbi, kisha ikawa ukuta. Cirhuza akasimamisha gari, akaruka nje, akaivuta soksi kutoka kwenye mdomo wa bomba akaipunga dirishani imelowa. "Madame avue soksi, tunaingia ku maji!" Mzee akatabasamu. Ndio mzaha wa mwisho wa safari ile. Tuliendelea kwa saa nyingi, mimi nyuma nimekaa juu ya godoro, na sitasahau jinsi ndani kulivyokuwa kukavu. Milima yote ilikuwa inateremka na maji, na sisi tulikuwa ndani ya sanduku, tunasikia mvua kama habari za nchi nyingine. Kwenye mto ambao daraja lake lilikuwa limevunjika, maji yalifika kwenye taa, yakapita juu ya boneti. Cirhuza hakupunguza wala hakuongeza. Tukatoka ng'ambo, injini inaimba. "Alhamdulillahi," alisema mzee, akapiga dashibodi kwa kiganja kama mtu anayempongeza punda.

Mbele ya mto kulikuwa na mlima. Jeep ilipoinua pua, injini ikakohoa. Kisha tukasikia kishindo kimoja, kama nyundo imepigwa ndani ya sufuria, halafu hakuna kitu, mvua tu. Cirhuza akafungua boneti, akafungua boksi la filtre, akaita, "Papa, kuya uone." Filtre ilikuwa inaelea, imevimba, sawa mukate ndani ya chai, alisema Cirhuza baadaye. Si maji ya mto yaliyotuua. Ni ya mvua, yale kidogo kidogo yaliyoingia juu tangu Walungu, yakakaa boksini bila njia ya kutoka, yakangoja mlima. Papa Shabani akalala chini ya gari, ndani ya matope, na kanzu yake nyeupe, akapitisha kidole chini ya boksi, macho amefumba, kama alivyopitisha kila siku. "Sikufungua chini," akasema. Cirhuza akapiga magoti kando yake. "Muzee, hata siye hatukukumbuka." "Niliyeziba ni mimi," alijibu kutoka chini, kwa sauti ya kawaida kabisa. Soksi iliyo juu tuliikumbuka kwa sababu ilionekana. Raba ile ilikuwa gizani, imeshika vizuri, bila tundu hata moja, na ndiyo maana injini ilikufa haraka namna ile mkononi mwake.

Tulimwacha Cirhuza na gari, tukapanda kwa miguu, mzee na mimi. Viatu vyake vilibaki kwenye matope, cha kwanza kisha cha pili, na hakurudi kuvichukua. Tulipofika kambini kwa wachimbaji, Salumu alikuwa amelazwa kwenye kibanda cha turubai, juu ya majani, na wenzake, watu wa Mwenga, walikuwa wamekaa kumzunguka, mmoja akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Alinyamaza alipoiona kofia ya mzee. "Endelea," alisema Papa Shabani. Salumu akafungua macho. Alikuwa kijana mwenye sura ya mama yake, na kila pumzi aliivuta kama mtu anayevuta kamba nzito. Alimtazama baba yake kuanzia kichwani, akateremka taratibu hadi chini. "Papa," akasema, "miguu yako ina matope." Mzee akaitazama miguu yake. Akakaa chini pale pale akaificha ndani ya kanzu, akacheka, na kile kicheko hakikuwa na mwisho mzuri.

Asubuhi wachimbaji walitengeneza machela kwa miti na mablanketi, wakambeba kwa zamu, wanateleza, wanatukana mlima, wanamwomba msamaha mzee kwa matusi. Tumaini lilikuwa gari. Kama Cirhuza amekamua maji kwenye injini, au kama lori limepita, tungelala Bukavu. Tulipofika, Cirhuza alikuwa amekaa kwenye bampa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alisema tu: "Inazunguka, lakini iko inapiga. Chuma cha ndani kimepinda." Na nyuma yake mto ulikuwa umejaa, hakuna lori ambalo lingevuka siku ile. Mvua ikarudi. Tukamwingiza Salumu ndani ya jeep, kwenye godoro la mama yake, kichwa juu ya mapaja ya baba yake, tukafunga milango ili asilowe. Wachimbaji wakajibanza chini ya turubai kando ya barabara. Mimi nilikaa kiti cha mbele, na kwa hiyo niliyasikia yote.

Mzee alimnywesha chai kwa kifuniko cha chupa. "Tangawizi imezidi," alisema Salumu. "Mwambie mwenyewe ukifika," alisema baba yake. Kisha pumzi zile. "Papa. Humu kukavu kabisa." "Ndiyo, mwanangu." "Hata tone." "Hata tone." Vioo vilikuwa vimeota ukungu, hatukuona nje tena. Salumu akageuza uso upande huu, akageuza upande ule, kama anayetafuta kitu alichokiweka karibu. "Hewa iko wapi?" aliuliza. Hakulalamika, aliuliza kama unavyouliza mwiko uko wapi. Nilimwona Papa Shabani akitazama raba za milango alizozikata kwa mkono wake, moja moja. Halafu akashika mkono wa kioo akauzungusha, akakishusha hadi mwisho. Akajinyoosha juu ya mtoto akashusha cha pili. Akaniambia "Fungua mbele, fungua yote," na kwa mguu wake wenye matope akausukuma mlango wa nyuma hadi ukaachama. Mvua ikaingia na upepo wake wote. Ililowesha godoro, ikalowesha kanga, ikamlowesha Salumu usoni, naye akafungua mdomo. "Vizuri hivyo," alisema. Alipumua hivyo kwa muda, akiwa na maji kwenye kope, mkono wa baba yake umekingwa juu ya macho yake ili aweze kuona. Hivyo hivyo akaacha.

Maji yalipopungua, lori lililobeba ndizi lilitupakia. Njiani mzee alisema nasi mara moja tu. "Mama yake asijue kwamba alikuwa anatafuta hewa. Mwambieni alilala." Tulimwambia hivyo, Cirhuza na mimi, tukiwa tumesimama jikoni, na yeye akaitikia kwa kichwa huku anakiosha kile kikombe cha bati. Jeep ilivutwa hadi mjini ikauzwa vipande vipande. Papa Shabani aliendelea kuziba magari ya watu, lakini tangu siku ile, kabla ya mkono kwenda juu, kidole kilikwenda chini, cha mwenye gari mwenyewe, alale kwenye mafuta hata kama ana suti. Cirhuza anayo gereji yake siku hizi huko Kadutu na bado anafanya hivyo. Nimemwona wiki hii, wateja wakimnung'unikia. Mimi niliondoka kabla mwaka haujaisha. Nilidai ni kazi Kalemie. Ukweli ni kwamba chumba chetu cha Cimpunda, chenye ukuta wa udongo nyuma na paa la jirani mbele, kilikuwa kimeanza kunibana kifuani, na kila chumba nilichopanga tangu wakati huo kimekuja kunibana, mapema au baadaye, na mke wangu hakuwahi kuelewa kwa nini mtu anahama nyumba isiyovuja.

Niliirudisha futi mfukoni. Nilirudi kizingitini nikakaa. "Umelipima?" aliuliza Maman Zaina. Nikasema bado. Nilifikiri juu ya mzee, aliyeomba mama asijue, na ambaye alikubali kuitwa mkaidi kila usiku wa maisha yake kuliko kueleza dirisha moja, kwa sababu asingeweza kueleza dirisha bila kueleza mengine. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama alikuwa hai, na ananiomba niingize chuma na mpira mahali pale. Nikamwambia. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilimwambia kuhusu mlima, matope, kifuniko cha chupa, vioo. Mjukuu alikuwa ameweka birika chini akashika mkono wa bibi yake, lakini Maman Zaina aliutoa taratibu, kama mtu anayehitaji mikono yake yote miwili.

"Alikunywa chai?" aliuliza.

"Kidogo, mama. Alisema tangawizi imezidi."

"Daima alisema hivyo. Na vioo, nani alivishusha?"

"Baba yake. Mimi nilifungua vya mbele tu. Vya kwake alivishusha mwenyewe."

Alitazama dirisha muda mrefu, ule ubao uliooza, na ukuta ambao mume wake alikuwa akiugeukia anaposemwa. "Kila usiku," alisema, si kwangu, "namwambia, Shabani, utatuua kwa baridi." Nje, upande wa ziwa, mvua ilikuwa imeanza, na matone ya kwanza yakaruka juu ya ubao yakaingia ndani. Mjukuu akainuka, akasema, "Nifunge, bibi? Leo tu?"

"Kaa chini," alisema Maman Zaina. "Na wewe, Sudere, usilipime." Kisha akanyoosha mguu wake, akalisukuma beseni karibu zaidi na ukuta.